Paka Anapokimbia Blenda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wanyama wa Nyumbani na Hofu ya Kelele

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina paka, awe wa kufugwa hasa au yule aliyejiingiza mwenyewe akazoea vichwa vya samaki. Nyumba hizo hizo zinazidi kujaa mashine: blenda, pampu ya maji, mashine ya kufulia, jenereta. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu huulizana barazani, kwenye maduka ya dawa za mifugo na kwenye makundi ya simu. Paka amepewa nafasi kubwa kwa kuwa ndiye mwenyeji wetu wa kila mtaa, ila mbwa, njiwa, kasuku, kuku na sungura nao wamo.

Paka wangu hajali kinu wala mchi, lakini nikiwasha blenda anaruka hadi juu ya kabati. Kwa nini?

Kwanza, anasikia mambo ambayo wewe huyasikii. Sikio la binadamu kijana hufika kiasi cha hezi 20,000. La mbwa hufika kama 45,000. La paka hupindukia 60,000, na ndiyo maana anaweza kumsikia panya anayelia kwa sauti nyembamba ndani ya ukuta wakati sisi tunaona nyumba iko kimya. Mota ndogo inayozunguka kwa kasi hutoa mngurumo tunaousikia wote, na juu yake mlio mkali mwembamba ambao sisi unatupita. Paka anaupata wote.

Pili, ni ile ghafla yake. Mchi unapanda na kushuka, na paka anauona mkono ukinyanyuka kabla ya kishindo. Blenda inatoka kimya kabisa hadi kelele za desibeli 80 au 90 kwa kubonyeza kitufe kimoja, na ikiwa na barafu au vipande vya nazi ndani ndiyo balaa. Jikoni nako kunachangia. Sakafu ya vigae, kuta tupu na dari ya juu kama zile za nyumba za Mji Mkongwe huirudisha sauti kutoka kila upande, na paka ambaye hajui kelele inatokea wapi hawezi kuchagua pa kuikwepea. Anapanda juu, maana juu ndiko kwenye usalama kwa paka.

Tatu, kinu alikikuta. Kitoto cha paka kinachozaliwa kwenye pakacha kuukuu karibu na jiko hufungua macho na masikio huku mtu akitwanga. Blenda ilinunuliwa akiwa ameshakuwa mkubwa.

Nitajuaje kama ameogopa, na si kwamba anacheza au ana hasira?

Mtazame masikio na macho. Paka aliyeogopa hulaza masikio pembeni au nyuma, mboni zinapanuka hadi jicho zima likawa jeusi, mwili unajikunja chini na mkia unabanwa. Akizidiwa, manyoya ya mgongo na mkia husimama, anaupinda mgongo na kutoa ule mfoko wa "khhh". Huyo usimshike. Atakuparura, na hatokuwa na kosa.

Ipo hofu ya kimya ambayo watu wengi hawaioni. Paka anakaa kama sanamu, miguu ameikusanya chini ya kifua, hapepesi, hali. Mwenye nyumba anasema ametulia. Wengine hulambalamba midomo bila chakula, wengine huanza kukojoa nje ya mahala pao pa kawaida, wengine hujilamba sehemu moja ya tumbo mpaka manyoya yakatoka. Na tusidanganywe na kukoroma: paka hukoroma akiwa raha, lakini pia hukoroma akiwa na maumivu au hofu.

Anayecheza ana mwili mlegevu, anarukia kitu kisha anarudi mwenyewe kukitafuta tena.

Akijificha uvunguni nimtoe?

Hapana. Kujificha ndiyo dawa yake ya kwanza na mara nyingi inamtosha. Ukimvuta mguu unamfundisha kwamba hata uvunguni si pa salama, na safari ijayo atakwenda mbali zaidi: juu ya dari, kwa jirani, au kwenye gofu ambalo hutomwona tena kwa siku kadhaa.

Bora umtengenezee pa kujifichia kabla ya haja kutokea. Kasha la karatasi ngumu lenye matundu mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea, lililolazwa ubavu na kutandikwa khanga kuukuu yenye harufu ya watu wa nyumbani, linafaa kuliko kitanda cha paka cha bei. Liweke chumbani, mbali na jiko na mbali na mlango wa mbele. Kapu kubwa la ukili nalo linakubalika. Na mpe mahala pa juu, rafu au juu ya kabati, ambapo watoto hawamfikii. Watu wote wa nyumba wakubaliane kwamba akiwa humo haguswi.

Mama mkwe ananambia nikimbembeleza wakati ameogopa namzidishia woga. Ni kweli?

Wazee wengi huamini hivyo, hata wafugaji wa mbwa waliosoma waliwahi kufundishwa hivyo. Lakini hofu haifundishwi kwa kubembelezwa. Mtoto anayelia kwa radi ukimpakata hazidi kuiogopa radi. Mnyama akija mwenyewe kwako, mpapase taratibu, zungumza naye kwa sauti ya kawaida. Asipokuja, mwache. Kinachomzidishia woga ni wewe kupiga kelele, kukimbia huku na huku, au kumbana kwa nguvu wakati anataka kwenda.

Basi namzoeshaje na blenda, mashine ya kufulia au kitu chochote chenye kelele?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoharibu kwa nia njema. Njia inayosikika sana mitaani ni kumfungia paka jikoni na kuiwasha "mpaka azoee". Hazoei. Anachofanya ni kuchoka na kuganda, na hofu inaingia ndani zaidi. Wapo ambao baada ya hapo hata kuliona jagi la blenda tu, limezimwa, wanakimbia.

Njia inayofaa ina mambo mawili yanayokwenda pamoja: kelele ndogo kiasi ambacho hakimshtui, na kitu kitamu kinachokuja pamoja nayo. Kitamu kwa paka wa kwetu mara nyingi ni dagaa waliochemshwa bila chumvi wala pilipili, au kipande cha jodari. Kiwe kitu asichokipata wakati mwingine wowote.

Anza na blenda iliyozimwa, waya umechomolewa. Iweke chini mkekani katikati ya chumba na utupie dagaa wawili watatu mbali nayo, kisha karibu kidogo. Aje ainuse, aizunguke, ajisugue nayo kama atapenda. Usimsogeze wewe. Siku nyingine ihamishie mahala pake jikoni, na mlishe mlangoni.

Hatua ya sauti inahitaji mtu wa pili. Wewe kaa na paka chumba cha mbali kabisa, mlango umefungwa, na kijana wa nyumbani awe jikoni. Aibonyeze nukta moja tu, aache. Sauti inapofika, hapo hapo weka dagaa. Tena. Mtazame masikio: yakigeuka kuelekea mlangoni kisha akaendelea kula, uko sawa. Akiacha kula, umekwenda haraka, ongeza umbali au weka taulo lililokunjwa chini ya blenda ili kupunguza mtetemo. Fanya hivyo dakika tatu au tano, basi, mpaka kesho. Mlango ufunguliwe nusu pale tu ambapo ule uliofungwa haumshughulishi tena. Halafu uwe wazi. Halafu ukumbini. Wapo wanaomaliza safari hii kwa wiki mbili, wapo wanaohitaji miezi, na ukiruka hatua unarudi mwanzo.

Kitu kingine kidogo kinachosaidia sana: sema neno moja lile lile kabla ya kuiwasha, kila siku, na watu wote wa nyumba walitumie. "Nawasha!" Subiri kidogo ndipo ubonyeze. Paka akishalijua neno atajiondokea mwenyewe kwa hatua za kawaida, bila kuruka na kuangusha vyombo. Kwa wengine hapo ndipo mwisho wa mafanikio, na panatosha kabisa. Paka si lazima aipende blenda. Inatosha aweze kuishi nayo nyumba moja.

Kuna umri ambao ni rahisi zaidi kumzoesha?

Kitoto cha paka, kuanzia wiki ya 2 hadi ya 7 hivi. Mtoto wa mbwa, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14. Kipindi hicho akisikia charahani, redio, pampu, vicheko vya wageni na adhana ya msikiti wa karibu, kwa kiasi na bila kutishwa, vitu hivyo vinakuwa sehemu ya dunia yake. Ndiyo sababu paka wa Darajani wanalala katikati ya sokoni wakati paka wa shamba akiletwa mjini anakaa chini ya kitanda wiki nzima. Usimtoe mtoto kwa mama yake mapema kwa kisingizio hiki. Mama mtulivu ndiye mwalimu wake wa kwanza.

Pampu ya maji inawaka yenyewe usiku na paka anachanganyikiwa. Nifanye nini?

Hili ni swali la nyumba zenye tangi, na ni nyingi, kwa vile maji huja kwa saa zake. Pampu ya kujiwasha ndiyo kelele mbaya kuliko zote kwa mnyama kwa sababu hakuna dalili inayoitangulia. Kama imefungwa kwenye zege moja kwa moja, mtetemo unasafiri ukutani hadi chumbani. Fundi anaweza kuikalisha juu ya mpira mzito, hata wa tairi la gari uliokatwa, na kelele hupungua sana. Kama pampu ina swichi, iwashe kwa mkono jioni, saa ile ile kila siku, ujaze tangi na kuizima.

Na jenereta umeme unapokatika?

Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa karibu miezi mitatu bila umeme, wanakumbuka mitaa iliyonguruma mchana kutwa. Kuna wanyama waliozoea na kuna waliohama. Mngurumo wa jenereta ukishatulia huwa ni ule ule, na sauti isiyobadilika paka huizoea kuliko blenda. Kinachomtisha ni kuvutwa kamba, ule mlipuko wa kuanza, na moshi. Mtoe eneo hilo kabla ya kuvuta. Jenereta isiwekwe ukumbini, uani pa kufunikwa wala chini ya dirisha: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na humwua mtu na mnyama wake pamoja. Ndege huzidiwa wa kwanza.

Pangaboi, friji, mashine ya kukunia nazi, charahani, pasi?

Pangaboi na friji karibu wote huzoea bila msaada wako. Ila kama una kasuku anayerukaruka ndani, pangaboi lizimwe kila anapotoka tunduni. Mashine ya kukunia nazi ni jamaa ya blenda, mzoeshe kwa njia ile ile, au ikune nazi kwa mbuzi siku za kazi ndogo. Charahani paka huipenda zaidi ya kuiogopa, jihadhari na uzi na sindano, maana uzi ukimezwa hukata utumbo. Pasi ya mvuke inafoka kama paka mwenye hasira, na hilo peke yake linatosha kumkimbiza. Hali kadhalika makopo ya kupulizia marashi na dawa.

Mashine ya kufulia ina hatari nyingine. Paka hupenda kulala ndani ya nguo zenye joto. Tia mkono ndani kabla ya kufunga mlango, kila mara. Na gari lililoegeshwa usiku wa mvua, gonga boneti kabla ya kuliwasha, maana huingia kwenye injini kutafuta joto.

Usiku wa kuamkia Mapinduzi na Mwaka Mpya wanyama wangu wanakuwa kama wamepagawa. Niwaandae vipi?

Fashifashi ni mbaya kuliko radi, maana radi huja na mawingu, upepo na giza, na mnyama anaisoma mapema. Fashifashi zinakuja kwenye usiku mtulivu wa Januari bila habari. Kwa bahati nzuri sisi tarehe tunazijua: usiku wa Disemba 31, usiku wa kuamkia Januari 12, na sikukuu za Idi ambapo watoto hulipua baruti vichochoroni tangu magharibi. Mizinga ya sherehe za Mapinduzi nayo husikika mbali.

Mchana wa siku hiyo mchoshe kwa michezo, mpe chakula chake kabla ya jua kuzama. Kabla ya isha awe ndani. Chagua chumba cha katikati ya nyumba kisichotazama wazi, funga madirisha na pazia, mwekee maji, chombo cha mchanga wa kujisaidia na lile kasha lake. Washa feni na redio kwa sauti ya kawaida, kisomo au tarabu, chochote anachokisikia siku zote, ili milipuko isije juu ya kimya. Taa iwake, mwanga wa fashifashi usimshtue. Kama unaishi karibu na Maisara au Forodhani na una ndugu Bububu au Tunguu ambaye paka anamjua, mpeleke tangu jana yake, si saa tatu usiku.

Na watoto waambiwe wazi, kwa upole lakini bila kuzungusha: baruti hairushwi alipo mnyama. Sote tumekua tukisimuliwa habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Mtoto wa miaka sita anaielewa.

Mvua za masika na bati juu ya vichwa vyetu?

Bati likipigwa na mvua kubwa hata mtu hasikii anachoambiwa, sembuse paka. Lakini mvua inaanza ndogo na kupanda, kwa hiyo wengi hustahimili. Ngurumo ndiyo kazi. Mpe chumba chenye dari kama kipo, na usimfungie nje uani kwa sababu ana matope. Ukitaka kumpunguzia zaidi, katika siku kavu mchezeshee kwenye simu sauti ya mvua na radi, ndogo kabisa, huku akila, na upandishe kidogo kidogo kila baada ya siku chache.

Tuna harusi nyumbani. Spika, ngoma, wageni, masufuria.

Mhamishe. Nyumba ya harusi ina kila kitu kinachomtisha paka na milango yote iko wazi. Siku mbili kwa jirani anayempenda ni bora kuliko kumtafuta wiki nzima. Wale wapiga ngoma za daku mwezi wa Ramadhani hawana shida hiyo. Wanapita, na kufikia siku ya tano au ya sita paka anaamka nao kusubiri samaki.

Watoto wanamwekea tango nyuma yake akiwa anakula ili wapige video. Kuna ubaya?

Upo. Video hizo zilienea duniani mwaka 2015 na watu wakacheka. Paka anapokula huwa amejisalimisha, na kugeuka akakuta kitu kirefu ambacho hakikuwepo kunampa mshtuko wa kweli. Anaweza kuangukia kwenye jiko la mkaa, anaweza kumparura mtoto, na anaweza kuacha kula mahala hapo moja kwa moja. Puto zinazopasuka na miamvuli inayofunguliwa usoni ni mamoja na hayo.

Paka anakodolea macho kona tupu, manyoya yamesimama. Bibi anasema ameona jini.

Bibi aheshimiwe, na dua isomwe kama ilivyo ada ya nyumba. Huku ukisoma, tega sikio kwenye kona. Masikio ya paka yanazungushwa na misuli zaidi ya 20 kila moja, yanaweza kuelekea pande mbili tofauti kwa wakati mmoja, na mara nyingi wanachokilenga ni mjusi nyuma ya pambo, mchwa ndani ya boriti, panya, au hata chaja ya simu iliyochomekwa inayolia kwa sauti nyembamba. Chomoa chaja uone kama ataacha. Kwenye mashamba ya Pemba na Unguja angalia vizuri zaidi, huenda ni nyoka.

Tunapopulizia dawa ya mbu au kufukiza udi, anatoroka. Ni kelele au harufu?

Vyote viwili. Kuhusu dawa, kukimbia kwake ni kwa busara. Dawa nyingi za wadudu zina pamethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Akiipata kwa wingi hutetemeka, hutoka mate na kupata degedege. Mtoe kabla ya kupulizia na asirudi mpaka pakavu na pamepita hewa. Usimpake kamwe dawa ya kupe ya mbwa. Ikitokea, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na umkimbize kwa daktari.

Udi na ubani kwa kiasi, dirisha wazi na paka akiwa na njia ya kutoka, hauna neno. Ndege ndani ya tundu hana njia ya kutoka, na mapafu yake ni mepesi mno. Tundu litolewe nje kwanza. Kikaango kisichogandisha nacho, kikisahaulika motoni mpaka kikaungua, hutoa mvuke unaoua kasuku kwa dakika chache.

Nina mbwa wa ulinzi. Akisikia baruti anavunja banda.

Mbwa ni wachache kwetu na mara nyingi hukaa nje, hivyo hofu zao hazionekani mapema. Kuhema bila joto, kutetemeka, kuchimba ardhi, kukataa chakula, ndizo dalili. Mbwa aliyefungwa mnyororo usiku wa fashifashi yuko hatarini kujinyonga anapojaribu kuruka ukuta, kwa hiyo mfungulie na umwingize stoo au gereji yenye mlango imara. Mbwa wa wasasi wanaokwenda msituni na kelele za watu na mbiu wanaweza kuwa mashujaa huko na bado wakatetemeka kwa kelele ya grenda ya fundi. Zoezi la chakula na umbali nililoeleza kwa paka linafaa kwa mbwa, na kwa kawaida mbwa hujifunza haraka zaidi. Usimchape kwa kuogopa. Mbwa aliyechapwa akiwa na hofu ndiye anayekuja kuuma watu.

Njiwa, kuku, kasuku, sungura?

Njiwa husikia sauti nzito za chini kabisa zisizofika kwetu, kwa hiyo jenereta iliyo mbali inaweza kuwasumbua wakati wewe umeshaisahau. Wakishtuka usiku huruka gizani na kujigonga, basi banda lisiwe karibu na mashine. Kuku wa mayai wakisumbuliwa na kelele za ghafla hupunguza kutaga au hutaga mayai ya ganda laini. Kasuku akiwa na wasiwasi wa muda mrefu hujinyonyoa manyoya, na wengine huanza kuigiza hiyo hiyo sauti inayowakera.

Sungura ndiye wa kumwonea huruma kuliko wote. Ni mnyama anayewindwa na wanyama wengine, na mwili wake unajua hivyo. Akiogopa hugonga ardhi kwa mguu wa nyuma, kisha huganda. Mshtuko mkubwa unaweza kumwua, na akirusha miguu ndani ya kibanda chembamba anaweza kuvunjika mgongo. Baada ya kutishwa mwangalie kama anakula na kutoa kinyesi. Akipitisha nusu siku bila kula, mwite daktari.

Nimpe nusu Panadol au dawa ya usingizi atulie?

Usithubutu. Panadol humwua paka, hata kidonge kimoja. Ini lake halina njia ya kuisafisha. Dawa za maumivu za watu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaharibu figo na tumbo la mbwa na paka. Na ile sindano ya kulewesha inayotumika kumtuliza mnyama kwa kazi fupi inaweza kuulaza mwili huku masikio yakisikia kila kitu, yaani anaogopa bila kuweza kukimbia. Zipo dawa zinazofaa, gabapentini mojawapo kwa paka, na ni daktari wa mifugo wa kuamua kipimo baada ya kumwona mnyama. Mwendee wiki moja au mbili kabla ya sikukuu.

Hakuwa mwoga, sasa ghafla anaogopa kila kitu. Nimpeleke kwa daktari?

Ndiyo. Hofu mpya kwa mnyama mzima mara nyingi ina maumivu nyuma yake: meno, masikio yenye uchafu au utitiri, viungo vya mifupa kwa wazee, au macho yanayofifia.

Na kuna jambo moja la kutolifanyia subira. Mbwa au paka aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma bila sababu, anayeyumba, anayetoka mate au kushindwa kumeza, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimguse, zuia watoto, na uwaarifu watu wa mifugo. Aliyeumwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hufanya kazi kabla ya dalili. Dalili zikianza hakuna tiba.

Amekimbia usiku wa fashifashi na hajarudi. Nianzie wapi?

Anzia karibu. Paka aliyeshtuka mara nyingi hajaenda mbali. Amejibana nyumba ya pili au ya tatu na hataitika hata akikusikia, kwa kuwa hofu inamwambia akae kimya. Mjini angalia chini ya ngazi, maghala yenye milango iliyopinda, magofu, mapaa yanayoungana. Shamba, angalia nyuma ya kuni, chini ya makuti yaliyorundikwa, juu ya miembe. Waombe majirani wafungue mabanda na stoo zao wenyewe, maana wengi watakwambia "hayumo" bila kuangalia, na paka kafungiwa humo tangu jana.

Tafuta tena baina ya saa saba usiku na alfajiri, mitaa ikiwa imetulia, kwa tochi iliyoshikwa usawa wa macho yako. Macho yake yatarudisha mwanga. Nenda mtu mmoja tu, yule anayemlisha, na uite kwa sauti ile ile ya wakati wa chakula. Ukimwona, kaa chini, weka samaki, subiri aje. Ukimkimbilia atakimbia tena. Mlango au dirisha la nyuma liache wazi kidogo, na chakula ndani.

Akirudi, mpe maji na chakula kidogo, mkague miguu na makucha kama ameumia, na umweke chumba kimoja siku mbili tatu kabla ya kumwachia nyumba nzima.